Taifa Stars yaenda Morocco: Kwa nini nyumbani ndiko tunakohangaika zaidi?

Bao moja la Simon Msuva katika dakika ya 61 limetosha. Jumanne ya Novemba 19, 2024, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, Taifa Stars iliifunga Guinea 1-0 na kukata tiketi ya fainali za Mataifa ya Afrika, AFCON 2025, zilizoanza Morocco Desemba 21, 2025. Ni mara ya nne Tanzania kufuzu, baada ya 1980, 2019 na 2023, na ni mara ya kwanza kufuzu mara mbili mfululizo.

Furaha hiyo imekuja wakati mgumu. Jumamosi ya Novemba 16, siku ambayo Stars iliifunga Ethiopia, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na hadi Jumanne waokoaji walikuwa bado kazini. Watu wengi waliitazama mechi hii huku mioyo yao ikiwa kwenye kifusi. Ushindi haufuti msiba, lakini umewapa Watanzania jambo la kuwakutanisha.

Katika kipindi chetu cha michezo, wasikilizaji waliopiga simu kuanzia Nassa, Nyashimo na Lamadi hadi Bariadi walikuwa na pongezi nyingi. Hata hivyo, wengi waliuliza swali linalofanana: kwa nini Stars ikicheza Dar es Salaam inatupandisha presha namna hii? Swali hilo ni la msingi. Makala haya yanajaribu kulijibu kwa kuangalia matokeo yenyewe, kwa sababu litaturudia kwa nguvu zaidi.

Hesabu ilivyokuwa kabla ya mechi

Tanzania ilikuwa Kundi H pamoja na DR Congo, Guinea na Ethiopia, na timu mbili za juu ndizo zilizokuwa zinafuzu. Kabla ya mechi ya mwisho Guinea ilikuwa na pointi 9 na sisi 7. Sare ingewapeleka wao Morocco na kutuacha sisi nyumbani. Hakukuwa na hesabu nyingine zaidi ya kushinda.

Kumbuka pia tulikotoka. Oktoba tulifungwa na DR Congo mara mbili ndani ya siku tano, 1-0 Kinshasa na 2-0 Dar es Salaam. Kipindi hicho hicho Guinea ilikuwa inaichapa Ethiopia mabao 4-1 na 3-0, huku mshambuliaji wa Borussia Dortmund, Serhou Guirassy, akifunga mabao matatu katika mechi ya kwanza. Baada ya hapo Guinea ikaifunga na DR Congo 1-0. Wakati Oktoba inaisha, ni Watanzania wachache waliokuwa bado wanazungumzia Morocco.

Kilichotuokoa kilianza Novemba 16 mjini Kinshasa, ambako Ethiopia ilituchukulia kama mwenyeji kwa sababu haina uwanja uliokidhi vigezo vya CAF. Msuva alifunga dakika ya 15, Feisal Salum akaongeza dakika ya 31, tukashinda 2-0. Siku tatu baadaye ikaja mechi ya Guinea.

Jumanne ilikuwaje?

Guinea ilihitaji sare tu, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kufunguka. Timu ya namna hiyo inakaa nyuma, inapunguza kasi ya mchezo na kumwachia mwenyeji mpira na wasiwasi wote. Dakika 45 za kwanza ziliisha 0-0, matokeo yaliyowafaa kabisa wageni.

Kipindi cha pili Stars haikukata tamaa, na dakika ya 61 Msuva akafanya kazi aliyoizoea. Kuanzia hapo mchezo ukageuka. Guinea ndiyo iliyotakiwa kuja mbele, na Stars ikarudi kwenye mchezo inaoumudu vizuri, yaani kulinda kwa nidhamu na kusubiri nafasi ya kushtukiza. Nusu saa iliyobaki ilikuwa ndefu kwa kila Mtanzania, lakini lango halikufunguka. Msimamo wa mwisho ukawa DR Congo pointi 12, Tanzania 10, Guinea 9 na Ethiopia 4.

Kocha wa wakati huo Hemed Suleiman "Morocco" na vijana wake wanastahili sifa kamili. Kuna timu zinazobanwa na mechi ya lazima na kuvunjika. Hii haikuvunjika.

Bao 1 katika dakika 270

Sasa turudi kwenye swali la wasikilizaji. Stars imecheza mechi 3 za kundi hili Dar es Salaam: sare ya 0-0 na Ethiopia mwezi Septemba, kufungwa 2-0 na DR Congo, na ushindi huu wa 1-0. Kwa dakika 270 nyumbani tumefunga bao 1 na kupata pointi 4. Katika mechi 3 za ugenini tumefunga mabao 4 na kupata pointi 6.

Mtu anaweza kusema ni bahati mbaya ya msimu mmoja. Tuangalie basi safari iliyotangulia, ya kufuzu AFCON 2023. Nyumbani tulifungwa na Algeria 2-0, tukafungwa na Uganda 1-0, kisha tukaifunga Niger 1-0. Hapo pia ni bao 1 katika dakika 270, na mfungaji alikuwa huyo huyo Msuva. Ugenini tulitoka sare ya 1-1 na Niger, tukaifunga Uganda 1-0 na kumalizia na 0-0 dhidi ya Algeria, sare iliyotupa tiketi.

Ukiunganisha safari hizo mbili, picha ni hii: mechi 6 za nyumbani, mabao 2, pointi 7. Mechi 6 za ugenini, mabao 6, pointi 11. Ongeza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia ya Novemba 2023 tuliyofungwa 2-0 na Morocco hapo hapo kwa Mkapa, unapata mechi 7 za mashindano nyumbani na mabao 2, yote ya mtu mmoja.

Haikuwa hivi zamani. Katika safari ya AFCON 2019 tulipata pointi 8, na 7 kati ya hizo zilipatikana nyumbani. Tulitoka 1-1 na Lesotho, tukaifunga Cape Verde 2-0, na Machi 24, 2019 tukaichapa Uganda 3-0 kwa mabao ya Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris. Hayo ni mabao 6 katika mechi 3 mbele ya mashabiki wetu.

Tusidanganyike na neno "ugenini"

Kabla hatujajisifu kwa kushinda ugenini, tuangalie mechi hizo zilichezwa wapi. Niger ilitupokea Cotonou, nchini Benin. Uganda ilitupokea Ismailia, Misri. Guinea ilitupokea Yamoussoukro, Ivory Coast, na Ethiopia ikatupokea Kinshasa. Zote hazikucheza mbele ya watu wao. Katika mechi hizo 4 tulipata pointi 10 kati ya 12.

Mara 2 tu katika mechi hizo 6 tumeingia kwenye uwanja wa mwenyeji halisi, Annaba kwa Algeria na Kinshasa kwa DR Congo. Huko tulipata pointi 1 kati ya 6.

Kwa hiyo jibu si kwamba Stars ni wakali wa ugenini. Stars inafanya vizuri pale ambapo mpinzani analazimika kucheza na hakuna jukwaa linalomsukuma mtu yeyote. Ikipewa nafasi nyuma ya mabeki inaitumia, kama Feisal na Mudathir Yahya walivyofanya Yamoussoukro tulipotoka nyuma na kushinda 2-1. Ikiambiwa ifungue mlango uliofungwa, inakwama.

Sababu ni zipi?

Ya kwanza ni namna tunavyocheza. Kwa miaka kadhaa Stars imejengwa kulinda kwanza. Makocha wamebadilika, kuanzia Kim Poulsen, Honour Janza, Adel Amrouche hadi Hemed Suleiman, lakini tabia ya timu imebaki ile ile. Ulinzi umekuwa imara: mabao 4 tu tuliyofungwa katika mechi 6 za kundi hili. Tatizo ni kwamba mpinzani akija Dar es Salaam na kupaki basi, hatuna njia nyingi za kumtoa.

Ya pili ni haraka. Dakika ya 70 ikifika bila bao, jukwaa linaanza kulalamika, na timu nzima inapanda bila mpangilio. Uganda ilitufunga dakika za mwisho Machi 2023. DR Congo ilisubiri hadi dakika ya 87 ndipo Meschack Elia akafunga, na muda mfupi baadaye akaongeza la pili. Hayo hayakuwa makosa ya mabeki peke yao. Ilikuwa ni timu iliyoacha nyumba wazi ikikimbilia bao.

Ya tatu ni uhaba wa wafungaji. Mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2023/24 alikuwa Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso kwa mabao 21, na aliyemfuata ni Feisal aliyefunga 19, ambaye ni kiungo. Msimu wa kabla yake tuzo waligawana Fiston Mayele wa DR Congo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi. Kabla yao aliongoza Mtanzania George Mpole akiwa Geita Gold, huku kwetu Kanda ya Ziwa, msimu wa 2021/22. Klabu zetu kubwa zinataka ushindi wa haraka na zinanunua wafungaji nje. Haki yao, lakini Stars haiwezi kununua.

Kwa nini jambo hili ni la dharura?

Kwanza kulikuwa na CHAN. Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa mashindano hayo Agosti 2025, na yanawahusu wachezaji wanaocheza ligi za ndani pekee. Maana yake Msuva, aliyekuwa akichezea Al-Talaba ya Iraq, hakuweza kuwepo. Mtu aliyefunga mabao yetu yote ya nyumbani ya kufuzu AFCON 2023 na 2025 alikuwa mtazamaji kama sisi.

Pili, mwaka 2027 nchi hizo hizo tatu zitakuwa wenyeji wa AFCON yenyewe. Mwenyeji hatafuti tiketi. Hakutakuwa na Cotonou wala Yamoussoukro ya kutuokoa. Mechi za makundi tutazicheza kwenye ardhi yetu, mbele ya watu wetu, dhidi ya timu nyingi zitakazofurahia sare. Ifikapo wakati huo Msuva atakuwa na miaka 33 na nahodha Mbwana Samatta 34.

Katika fainali za AFCON 2023 kule Ivory Coast tulifunga bao 1 katika mechi 3, na aliyelifunga dhidi ya Zambia ni Msuva. Tanzania haijawahi kushinda hata mechi moja ya fainali za AFCON. Sare na DR Congo na Zambia zilikuwa hatua, lakini mwaka 2027 wananchi hawatataka kusikia habari za sare.

Nini kifanyike?

Mechi za kirafiki zichaguliwe kwa shabaha. Badala ya kutafuta majina makubwa peke yake, TFF iwalete Dar es Salaam wapinzani wanaokaa nyuma, ili kocha ajaribu njia za kufungua ngome: mipira ya adhabu, kona, mashuti ya nje ya kumi na nane. Mazoezi ya jambo hilo hayawezi kufanyika siku ya mechi ya lazima.

Washambuliaji vijana wapewe dakika. Clement Mzize wa Yanga alikuwa na miaka 20 tu mwaka 2024, na wapo wengine wanaohitaji kucheza zaidi ya kukaa benchi. Sisi wa Simiyu tunalijua hili vizuri. Mkoa wetu hauna timu Ligi Kuu, na jirani wa karibu ni Pamba Jiji ya Mwanza iliyorejea msimu wa 2024/25. Kijana wa Nassa mwenye kipaji cha kufunga anaonekana kwenye UMISSETA, kisha wengi hupotelea kwenye mabonanza ya kijiji. Wafungaji tunaowatafuta kwa 2027 sasa hivi wana miaka 16 hadi 20, na baadhi yao wako kwenye viwanja vya vumbi kama vyetu.

Na sisi mashabiki tuna sehemu yetu. Jumanne dakika 60 zilipita bila bao na timu haikuvurugika. Tukiweza kuvumilia hivyo kila mara, wachezaji nao watakuwa na utulivu wa kupiga pasi moja zaidi badala ya kubutua.

Kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa zilianza Novemba 20, 2024, na wengi walitarajiwa kuutaja ushindi huu majukwaani. Washangilie, ni haki ya kila Mtanzania. Ila anayetaka kuisaidia Stars aulizwe pia swali la wasikilizaji wetu: Msuva asipokuwepo, nani atafunga bao kwa Mkapa?