Bastola ya "akina mama"

Muuzaji alinitazama vidole, akafungua kabati la vioo, akanitolea rivolva ya risasi tano, nyepesi utadhani ya mtoto kuchezea. "Hii ndiyo ya akina mama," akasema. Shemeji yangu aliyenisindikiza akaguna. Yeye ni mtu wa .45, yaani risasi ya milimita 11 na ushee. "Shem, hiyo ukimpiga mtu nayo, hurudii."

Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku hapa Houston. Tangu Septemba 2021, Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na kuendelea asiyezuiwa na sheria abebe bastola bila kibali. Kama hilo ni jema, tutabishana siku nyingine. Leo nina ugomvi na ushauri wa hao wawili.

Ile rivolva niliijaribu kwenye uwanja wa shabaha, mita saba tu. Risasi ya kwanza ilichana ukingo wa karatasi. Teke lake lilinipanda hadi kiwikoni, na ngozi ya kati ya kidole gumba na cha shahada ikachubuka. Kufika ya tatu nilikuwa nafumba macho kabla hata sijafyatua. Silaha ikiwa nyepesi, baruti ni ile ile. Anayelipa ni mkono. Halafu ndiyo wanayotuuzia sisi, eti kwa kuwa inaenea kwenye mkoba!

Ya shemeji ni chuma kitupu, zaidi ya kilo moja. Haikunipiga, ilinisukuma, lakini kila nilipofyatua mdomo wake ulitazama dari nami nikaanza kulenga upya. Nilipokodi ya milimita 9, risasi tano zilikaa ndani ya upana wa kiganja.

Shemeji akasema ni bahati. Nikamkumbusha FBI. Mwaka 1986 maajenti wake wawili waliuawa Miami katika mapambano na majambazi wawili, na risasi moja ya milimita 9 iliyompiga jambazi iliishia karibu na moyo bila kuufikia. Lawama zote zikaiangukia risasi ile. Shirika likahamia milimita 10, teke likawashinda wengi, ikaja .40 mwaka 1990. Kufika 2015 walikuwa wameamua kurudi milimita 9. Risasi za sasa, zenye tundu nchani, zinapanuka na bado zinazama sentimita 30 na zaidi kwenye jeli ya majaribio. Na maajenti wengi hulenga vizuri zaidi nayo, tena upesi. Hao ni watu wanaolipwa kufanya mazoezi, sembuse mimi ninayetoka kazini miguu imevimba.

Shemeji hajakubali. Ananiuliza nitafanya nini nikikutana na jitu la kilo 120. Yeye anahesabu risasi itakayompata mtu. Mimi nahesabu pia ile itakayokosa. Kuta za nyumba yangu ya kupanga ni mbao na jasi, na usiku namsikia mtoto wa jirani akikohoa upande wa pili.