Atomu Haitamani Elektroni Nane

Kila mwaka, kidato cha pili, sentensi ileile hupanda ubaoni: atomu ya sodiamu inataka kutoa elektroni yake moja ili ipate nane kwenye ganda la nje na kutulia. Wanafunzi wanainakili, wanaikariri, wanaijibia mtihani. Ni uongo, na walimu wengi wanaouandika walishakutana na ukweli chuoni.

Tazama hesabu. Kung'oa elektroni moja kutoka kila atomu katika moli moja ya sodiamu iliyo gesi kunahitaji kilojuli 496. Atomu za klorini zikizipokea elektroni hizo, zinarudisha 349 tu. Zinapungua 147! Kama kutoa na kupokea kungekuwa ndiyo habari yote, chumvi isingekuwepo. Deni hilo linalipwa na mvutano wa chaji: ioni zinapojipanga kuwa fuwele, kila ioni ya sodiamu ikizungukwa na kloridi sita na kila kloridi na sodiamu sita, zinatoka kilojuli zaidi ya 780. Mvutano huo ndio bondi. Sasa utafute kwenye mchoro wetu wa darasani, ule wa mshale kutoka Na (sodiamu) kwenda Cl (klorini). Haumo. Mchoro unaonyesha safari ya elektroni, kisha unamwacha mtoto akiamini kwamba kila sodiamu ina klorini yake, kama mume na mke. Ukimuuliza kwa nini chumvi haiyeyuki mpaka nyuzi 801 za Selsiasi, atakwambia bondi zake ni imara. Zipi? Hajawahi kuonyeshwa.

Hiyo nane yenyewe ni njia ya kuhesabia, na ina manufaa yake kwa kaboni na jirani zake. Mwanakemia Gilbert Lewis alipoandika mwaka 1916 kuhusu jozi ya elektroni inayoshirikiwa, hakuwapa watoto sababu ya atomu kuungana. Wala nane haishiki kila mahali: boroni katika boroni trifloridi huchorwa na elektroni sita. Salfa katika salfa heksafloridi huchorwa na 12. Na zenoni, gesi tunayoiambia darasa kuwa imeridhika na nane zake, mwanakemia Neil Bartlett aliiunganisha na atomu nyingine mwaka 1962.

Najua utetezi: watoto bado wadogo, ukweli ni mgumu. Ugumu gani? Wanajua kwamba chanya na hasi huvutana. Waambie viini viwili vya hidrojeni vinazivuta elektroni zilezile mbili, na kwamba kuvitenganisha lazima utumie nishati. Wanafizikia Heitler na London walihitaji hesabu nzito kulithibitisha hilo mwaka 1927. Mtoto wa miaka 15 anahitaji mchoro na mwalimu asiyemdanganya.

Nawataka watunga mitihani waanze, kwa sababu mwalimu hufundisha kile kinachopewa alama. Jibu la "ili ipate elektroni nane" lipewe sifuri kwenye swali la kwa nini atomu huungana. Mwanafunzi aulizwe nini kinavuta nini, na nishati inatoka wapi.