Soma Hati Yako ya Mshahara



Mkulima wa tumbaku wa Mpanda hauzi mzigo wake akiwa amefumba macho. Husimama mbele ya mzani na kusoma kilo zake. Je, wewe mfanyakazi wa Litapunga, mzani wako ni upi? Mzani wako ni hati ya mshahara. Usiitupe. Isome.

Tuseme wewe ni mlinzi wa kampuni. Mshahara wako ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Hati yako inatakiwa kuonyesha hivi:

Mshahara: Sh. 400,000
Mchango wako NSSF: Sh. 40,000
Inayobaki: Sh. 360,000
Kodi: Sh. 7,200
Unayopokea: Sh. 352,800

Tazama mpangilio huo. Mchango wa uzeeni hutolewa kwanza. Kodi huhesabiwa baadaye, juu ya fedha iliyobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kodi. Kwa hiyo toa 270,000 katika 360,000. Unapata 90,000. Kodi yake ni asilimia 8, yaani shilingi 7,200.

Je, karani akikosea na kuhesabu kodi kabla ya kutoa mchango? Kodi itakuwa shilingi 10,400. Utapoteza shilingi 3,200 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 38,400. Fedha hiyo inatosha kununua daftari nyingi za watoto.

Sasa tazama mchango wenyewe. NSSF hupokea asilimia 20 ya mshahara. Wewe hukatwa si zaidi ya asilimia 10. Inayobaki hutolewa na mwajiri mfukoni mwake. Kwa hiyo mlinzi wetu anawekewa shilingi 80,000 kila mwezi, si 40,000. Kama wewe ni mwalimu au mganga wa serikali, mfuko wako ni PSSSF, ulioanza mwaka 2018. Huko unakatwa asilimia 5, na serikali inaongeza asilimia 15.

Lakini ndugu, kukatwa ni jambo moja, na fedha kufika ni jambo jingine. Hati husema umekatwa. Haisemi kwamba fedha imefika. Mwajiri anatakiwa kupeleka michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha. Wako wanaochelewa. Wako wasiopeleka kabisa.

Hasara yake ni kubwa. Ili upate pensheni ya kila mwezi, lazima uwe umechangiwa miezi 180. Hiyo ni miaka 15 kamili. Ukiwa na miezi 179, hujafika. Utalipwa fedha za mara moja tu. Zikiisha, zimeisha. Mzee wa miaka 60 ataanza wapi kutafuta hati za mwaka ambao kampuni yake ilifungwa?

Basi, fanya mambo haya manne:

1. Dai hati ya mshahara kila mwezi. Iweke kwenye bahasha, mbali na panya na mvua.
2. Hesabu mwenyewe, kama tulivyofanya hapa. Kama hujui kuhesabu asilimia, mwombe mwalimu akufundishe.
3. Angalau mara moja kwa mwaka, nenda ofisi ya NSSF ukiwa na namba yako ya uanachama. Omba taarifa ya michango. Ilinganishe na hati zako, mwezi kwa mwezi.
4. Ukiona mwezi umerukwa, sema mapema. Mwulize mwajiri kwanza. Asipokujibu, ipelekee NSSF hati yako. Huo ndio ushahidi wako.

Na ritani ya kodi je? Kama pato lako ni mshahara wa mwajiri mmoja tu, naye amekwisha kata kodi, huna haja ya kujaza ritani. Lakini kama una duka pia, au una mwajiri wa pili, nenda TRA ukaulize. Chukua hati zako zote. Mchango wako wa uzeeni lazima uonekane, usije ukatozwa kodi juu ya fedha uliyokwisha weka akiba.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe sasa unajua kusoma. Anza na karatasi iliyomo mfukoni mwako.