Kufunga na Ubongo: Hoja Iliyopita Ushahidi

Hoja iliyochapishwa, kwamba kila anayefunga kwa vipindi, yaani anayejizuia kula kwa saa au siku alizozipanga, hustawisha bakteria wa utumbo na kwa njia hiyo huulinda ubongo, imevuka mpaka wa ushahidi wake. Utafiti wa Uchina uliotangazwa Desemba 2023 ulihusisha watu 25 tu, wote wanene kupita kiasi, waliopungua takriban kilo 7.6 kwa siku 62; bakteria wao walibadilika, na shughuli za ubongo pia, lakini hakukuwa na kundi la kulinganishia, hivyo haikubainika kipi kilisababisha kipi.

Kuupeleka ushauri huo wa kufunga Gikondo, mtaa wa Kigali ambako kibarua huenda akala mara moja kwa siku kwa kukosa fedha, ni kosa zito, maana njaa isiyochaguliwa haina mafuta ya ziada ya kuyeyusha. Bakteria wanaosifiwa huchachusha nyuzinyuzi, wakatoa asidi fupi za mafuta, kama butireti, inayolisha ukuta wa utumbo mpana; sahani ya maharage yaliyochemshwa, mchicha na viazi vitamu, chakula cha kawaida kabisa Rwanda, huwapa riziki hiyo bila mtu kuhesabu saa. Isitoshe, uchunguzi wa kitaifa wa 2019–2020 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa; katika nchi kama hiyo, kusifu kujinyima mlo kunahitaji tahadhari zaidi. Mjamzito, anayenyonyesha na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini walistahili kuonywa waziwazi, na hoja hiyo imewanyamazia.