Mahasimu Wawili na Mkataba Mmoja

Ndani ya kila kompyuta mna kipande kidogo cha silikoni kifanyacho hesabu zote, nacho huitwa chipu. Akinunuaye hulipia zaidi elimu iliyomo kuliko kipande chenyewe. Leo tutazame jinsi makampuni mawili hasimu ya Marekani, Intel na AMD, yalivyogombania elimu hiyo.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo yenye chipu ya Intel. Kwa kuwa haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja, mwaka 1982 Intel iliafikiana na AMD kwamba nayo itengeneze chipu za namna hiyo. Ilipokuja chipu ya 386, Intel ilikataa kuikabidhi. AMD ikaomba usuluhishi mwaka 1987. Msuluhishi hakuona kuwa mkataba uliilazimisha Intel kutoa chipu ile. Aliona kuwa imekiuka wajibu wa kutendeana kwa nia njema. Mwaka 1992 akaipa AMD fidia ya zaidi ya dola milioni 10, pamoja na ruhusa ya kutumia haki za Intel zilizomo katika chipu ya AMD ya aina hiyo bila kulipa mrabaha. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya California iliithibitisha hukumu hiyo.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2003 AMD ilitangulia kuupanua mfumo ule hadi biti 64, na mwaka 2004 Intel ikaufuata. Aliyekuwa akiomba, naye akawa na cha kuombwa. Mwaka 2009 Intel iliilipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao, na wakaandikiana mkataba mpya wa kila mmoja kutumia hataza za mwenzake.

Je, fikra ni mali? Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, lililokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za uvumbuzi zinalindwa kisheria na haifai kuzivamia. Basi mrabaha wenyewe si dhulma. Ni ujira wa aliyetaabika.

Hata hivyo, tusisahau upande wa pili. Mkataba wa 2009 una sharti kwamba kampuni mojawapo ikiingia mikononi mwa mmiliki mwingine, ruhusa hukoma. Hivyo hata tajiri hawezi kuingia sokoni kwa kuinunua tu mojawapo. Wawili wamepatana, lakini mlango umebaki mwembamba kwa wa tatu, na mnunuzi hubaki na machaguo machache.

Tunalolichukua kwa familia zetu ni hili: ndugu wawili wanapofungua duka, waandike pia yale ambayo bado hayajazaliwa, yaani bidhaa ya kesho na mrithi wa kesho. Na pale karatasi inaponyamaza, nia njema ndiyo iseme. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.