Neno Dogo Lenye Maana Nyingi



Mwalimu mmoja wa upande wa Kibondo alinijia mwezi uliopita akiwa na daftari la mwanafunzi wake. Mtoto huyo alipewa sentensi ya Kiingereza aieleze kwa Kiswahili, naye akaandika kwamba pua ya mdogo wake inakimbia. Darasa zima likacheka, na mwalimu akamtilia alama ya kosa. Lakini usiku mwalimu hakuwa na raha moyoni, kwa sababu mtoto alifuata sawasawa alivyofundishwa, ya kuwa neno run maana yake ni kukimbia. Akaniuliza, "Mwenzangu, kosa ni la nani?" Naona swali hili lafaa kujibiwa mbele ya wote.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Lina herufi tatu tu, na mtoto hulijifunza mapema. Lakini Waingereza wamelitwika mizigo mingi. Hulisema kwa mtu aendaye mbio, na kwa mto utiririkao, na kwa pua itokayo kamasi, na kwa mashine ifanyayo kazi. Hulisema kwa mwenye duka aliendeshaye duka lake, na kwa mtu agombeaye udiwani. Kitenge kikichuja rangi majini, neno ni hilo hilo. Hata njia itokayo Kasulu kwenda Kibondo husemwa vivyo hivyo, ingawa haijaondoka mahali pake tangu ilipochongwa. Tena ukiliongezea neno lingine dogo nyuma yake, maana hugeuka mara nyingine: chumvi kuisha jikoni, gari kumkanyaga mtu, marafiki kukutana njiani bila kutazamia.

Wenyewe Waingereza wameshangaa. Kamusi yao kubwa ya Oxford, katika toleo la pili la mwaka 1989, ililipa neno set maana 430, nalo likawa la kwanza kwa wingi. Baadaye mtengenezaji mmoja wa kamusi hiyo, Peter Gilliver, alilipitia upya neno run kwa muda wa miezi tisa. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba amelipatia maana 645, likiwa kitendo peke yake.

Lakini tusiwacheke, maana nasi tunalo neno kupiga. Twapiga ngoma na twapiga hodi, twapiga magoti na twapiga miayo, twapiga pasi, twapiga kura, twapiga picha, twapiga simu. Mtoto wa Buha aliyezoea Kiha nyumbani aingiapo darasa la kwanza na kuambiwa apige mstari, si ajabu akatafuta fimbo. Aliyekulia katika lugha haioni miiba yake. Mgeni ndiye achomwaye.

Lipo jambo jingine litupasalo kuliangalia, sisi tukaao karibu na mpaka. Jirani zetu Warundi wana maneno mawili: kwiruka ni kwenda mbio, na guhunga ni kuiondokea hatari, naye aliyehunga huitwa impunzi. Kiswahili kimeyatia yote mawili katika kukimbia, na ndipo tulipopata jina la mkimbizi. Kwa hiyo, katika nchi hii, ukimwuliza mtu kama amekimbia, huenda umegusa kidonda.

Hayo sikuyajua kwa kusoma. Mwaka 2015 Warundi wengi walivuka kuja kwetu. Waliofika Kagunga, ufukoni mwa ziwa, walichukuliwa na meli Liemba hadi Kigoma, kisha wakaletwa kambini Nyarugusu, katika wilaya yetu ya Kasulu. Wakati huo niliombwa kusaidia kutafsiri mezani pa muuguzi mmoja mgeni, aliyekuwa akiwatenga wagonjwa na wazima. Safu ilikuwa ndefu, na mimi nilijivunia Kiingereza changu cha shule.

Akaja mama mmoja wa pande za Rumonge, ajuaye Kiswahili, amembeba mtoto mgongoni. Muuguzi akauliza kwa lugha yake kama mtoto amekuwa na homa. Lakini Waingereza, kwa jambo hilo, waweza kusema kwamba mtu ana-run joto. Mimi nikashika maneno mawili niliyoyajua, kukimbia na joto, nikayaunga. Nikamwambia mama, "Bibi anauliza kama mtoto alikimbia joto."

Mama akanitazama kwa mshangao, akajibu kwa heshima, "Hapana, Mwalimu. Tulikimbia ghasia. Tena usiku ule ulikuwa wa baridi."

Mimi nikamwambia muuguzi neno moja tu: hapana. Naye akaandika hapana, akamwita wa nyuma.

Mama hakuondoka. Akamfungua mtoto, akaushika mkono wa muuguzi, akauweka juu ya paji la uso wa mwanawe. Muuguzi akashtuka, akaagiza kipima joto, na mtoto akapelekwa mara moja kwa daktari. Namshukuru Mungu, alipona. Lakini aliyemwokoa hakuwa mkalimani mwenye cheti, ila mama yake aliyetumia mkono badala ya neno. Nami nilikuwa nimeona wazi kwamba jibu lake halilingani na swali, nikaona haya kuuliza tena mbele za watu.

Basi, ndugu walimu, nayaweka mbele yenu mambo matatu. La kwanza, tusiwafundishe watoto neno likiwa peke yake kama kuni moja. Tuwape pamoja na wenzake. Mwanafunzi na aandike run juu ya ukurasa, na chini yake mto, pua, duka, homa, kila moja katika sentensi yake, akiongeza kila apatapo jipya. La pili, mtoto akikosea kwa kufuata tulichomfundisha, tusimwachie kicheko cha wenzake, maana akichekwa leo kesho hatauliza. La tatu ni kwenu wazazi pia, mnaowasomea majirani barua na vyeti vya dawa: usipoelewa, sema sikuelewa. Haya ya kuuliza ni ya kitambo kidogo, bali kosa la kutouliza laweza kumfuata mtu siku zote.

Nikirudi kwa mwalimu wa Kibondo: kosa lilikuwa letu sisi wakubwa. Ameniarifu kwamba amekwisha kuifuta alama ile, akawaeleza wanafunzi sababu mbele ya darasa. Kisha akamwomba mtoto yule yule aseme vizuri kwa Kiswahili habari za mdogo wake. Mtoto akasimama akasema, "Anatoka kamasi, Mwalimu, tena tangu jana ana homa." Mwalimu akamtuma nyumbani upesi, amwambie mama yake ampeleke mdogo wake zahanati.

Kaeni salama hadi mwezi ujao.