Kazi ya kusemea kampuni inaanzia mu mugini

Vijana wetu wenye walisoma mawasiliano wanarudi nyumbani na diploma, kisha wanakuja kuniuliza ulizo moja tu: « Papa delege, unajua nani ku biro? » Wanatafuta kazi ya « relations publiques », ao kama kampuni za mine zinavyoiita huku kwetu, « relations communautaires ». Ni ile kazi ya kuvaa jilé ya kampuni, kupanda jeep, kwenda kuzungumza na chifu, na wamama wa soko, na wachimbaji, halafu kurudi kuandika ripoti. Ni kazi nzuri, na sioni ubaya wa mutoto wa mutumikaji kuitamani. Lakini wengi wanafikiri kujuana na watu ni kujua mukubwa mumoja ku biro. Mimi nasema hivi: kujuana kwenye kunafaa kwa kazi hii kunaanzia chini, ku watu wenye kampuni yenyewe haiwajue.

Ninaandika mambo hii leo kwa sababu Kisenge inaweza kuona mulango ukifunguka. Sisi tulijengwa juu ya manganezi na juu ya reli. Mwaka 1975, vita ya Angola ilifunga njia ya Benguela, na manganezi yetu ikakosa njia ya kufika ku bahari ya Lobito. Wazazi wetu wanajua njaa yenye ilifuata. Mwaka 2018 manganezi ya Kisenge ilivuka tena mupaka ku treni. Mwaka 2023 kampuni Lobito Atlantic Railway ilichukua kazi ya reli upande wa Angola, na sasa kila mwenye kusikiliza redio anajua kama mataifa makubwa yanaangalia hii njia. Treni zikiongezeka, wenye kuja na makaratasi ya kutafuta madini kati ya Kolwezi na Dilolo wataongezeka pia. Kila mumoja wao atahitaji mutu wa kuzungumza na wenyeji. Huyo mutu atatoka wapi? Na atasema kweli ao uongo?

Sheria nayo inawasukuma. Kode ya mine yenye ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3, 2018 inaomba kampuni ipatane na watu wenye wanaguswa na mine yake, na isaini « cahier des charges », ni kusema kaye ya ahadi: shule, maji, barabara, dispanseri. Inaomba tena kampuni itoe kila mwaka, kwa maendeleo ya hao watu, kiasi chenye haiko chini ya 0,3 % ya franga zote za mauzo yake. Na mu redevance ya mine, 15 % ni ya entité ya eneo kwenye madini inatoka. Kijana mwenye anataka kazi hii na hajue hizi namba mbili, mama mumoja wa mugini atamushinda mu mukutano wa kwanza.

Vijana wajue pia kama kazi hii ilikomalia mu mine. Mwaka 1913 wachimbaji wa makaa ya mawe ku Colorado, Marekani, waligoma. Kampuni iliwafukuza mu nyumba zake, wakaishi mu mahema na familia zao. Tarehe 20 mwezi wa 4, 1914, fasi yenye kuitwa Ludlow, askari na walinzi walishambulia mahema na kuyachoma. Mu shimo moja walikuta wanawake 2 na watoto 11 wamekufa. Dunia nzima ilikasirika juu ya Rockefeller, mwenye kampuni. Ndipo alimuita Ivy Lee, mutu mwenye leo vitabu vinamuita mumoja wa mababa wa relations publiques. Huyu aliandika na kutuma makaratasi mingi ya kueleza « kweli » ya ule mugomo. Namba zingine zilikuwa za uongo, kama zile za mushahara wa viongozi wa sendika. Wakati komisyo ya serikali ilimuuliza, alikubali kama aliandika yenye kampuni ilimupatia, bila kwenda kuhakikisha. Alikuwa na akili mingi na alijua wakubwa wote. Lakini jina la muongo lilimufuata mpaka leo.

Hapa kwetu pia kazi hii haiko ya jana. Kutoka 1957 Union Minière, kisha Gécamines, walikuwa na gazeti lao, Mwana Shaba, la kuzungumza na watumikaji na familia zao. Na sisi wa sendika tunakumbuka musemaji wa namna ingine: Léonard Mpoyi, karani mwenye alisemea wenzake mu mugomo wa mwezi wa 12, 1941, akauawa ku Lubumbashi pamoja na wagomaji wengi. Sisemi kila kijana wa mawasiliano awe Mpoyi. Nasema tu kama kusemea watu ni kitu kizito, hata kama kampuni ndiyo inakulipa.

Basi, mutu mwenye hana papa ku biro, na hana franga, aanze wapi?

Aanze na watu wa chini, na aanze mbele ya kupata kazi. Mu kila mugini kuko komite: ya maji, ya wazazi wa shule, ya wakulima, ya wachimbaji. Karibu zote zinakosa mutu wa kuandika PV vizuri. Wewe uko na diploma: kaa pale, andika, soma tena mbele ya wote, watie sahihi. Mutu mwenye anaandika PV miezi sita anajua nani mugini inamusikiliza, nani anasema kelele tu, shamba ya nani iligomba na ya nani. Hakuna mukubwa wa biro mwenye anaweza kukupatia ile elimu.

Jifunze tena kusalimia. Kupunga mukono mu dirisha ya jeep, ile haiko salamu. Unakaa ku kiti wanakupa, unauliza habari ya mugonjwa, unazungumza kwa luga yao. Mutoto wa Kisenge mwenye anajua Kifaransa, Kiswahili, Kichokwe na Uruund iko na mali yenye mugeni hawezi kununua. Lakini niliona vijana wetu wakijifanya hawasikie Kichokwe, kwa sababu wanafikiri biro itawazarau. Wanatupa mali yao wenyewe.

Uwe na kaye ndogo. Andika jina, namba ya simu, tarehe, na kitu mulizungumza. Zaidi ya yote, andika kitu uliahidi. Ukisema « nitauliza », rudi na jibu, hata kama jibu ni « bado ». Watu wetu wanavumilia « bado ». Kile hawavumilie ni mutu mwenye anapotea.

Kwa wenye wanatumika tayari mu kazi hii, usiende kuomba kazi. Nenda kuomba shauri. Mwambie: « Yaya, nipatie dakika makumi mbili, unifundishe namna wewe ulianza. » Kisha fanya kitu alikuambia, na mwezi unaofuata umurudilie na kumuonyesha. Mukubwa anachoka na mwenye anaomba kila siku, lakini anamukumbuka mwenye anarudi na matunda. Siku kampuni itauliza « tunajua kijana gani? », jina lako ndilo litamutoka mu kinywa.

Usisahau wa umri wako. Mulisoma pamoja ku Kolwezi, ku Likasi, ku Lubumbashi: mumoja yuko ku redio, mwingine mwalimu, mwingine muganga, mwingine yuko staji ku biro ya sous-traitance. Leo wote hawana kitu, lakini kisha miaka kumi hao ndio watakuwa wakubwa. Saidianeni sasa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Omba pia saa moja ku redio ya karibu, usome matangazo: ya kilio, ya chanjo, ya reli. Lindisha kazi zako. Andika ripoti za ukurasa mumoja kwa Kifaransa safi. Hivyo siku ya mitihani utakuwa na kitu cha kuweka ku meza pamoja na diploma.

Na kuko mambo ya kukataa. Mutu akikuomba franga juu ya kukupatia fasi, huyo hajengi ujuano, anauza kitu chenye pengine hana. Na kwa mabinti zetu nasema wazi, wazazi wasikie: mwanaume mwenye anaomba mwili juu ya staji ni muhalifu. Sheria ya mwaka 2006 juu ya mabaya ya kingono inamupatia azabu. Binti asibebe haya. Haya ni ya yule. Aende kwa delege, aende kwa mutetezi wa haki, na sisi wa sendika tuamuke, tusiseme « haiko mambo ya mushahara ».

Najua mwenye atanijibu: « Papa, ile ni maneno tu. Hapa bila piston hakuna kazi. » Ni kweli piston iko, na inaumiza. Niliona wenye waliingia hivyo. Lakini angalia siku barabara inafungwa na watu wenye hasira. Mwenye aliletwa na piston anabaki mu jeep na anaita polisi. Mwenye wanamujua anashuka, anaita Mama fulani kwa jina, na mazungumzo inaanza. Kampuni nayo inaona, kwa sababu siku moja ya barabara kufungwa inakula franga mingi kuliko mushahara wake wa mwaka.

Nilihuzuria mukutano mumoja, kampuni sitaitaja. Kijana wa uhusiano, mutoto wa hapa, alisimama na kuahidi pompe ya maji mbele ya mwisho wa mwezi. Hakuna karatasi ilisainiwa. Mukubwa wake alimuambia tu « waambie hivyo, watulie ». Miezi ikapita. Siku alirudi, wamama hawakukaa chini. Walisimama na bido zao tupu mpaka alipoondoka. Kampuni ikaleta mwingine. Yeye akabaki bila kazi, na mu mugini hapiti tena kichwa juu. Hakuwa mubaya. Alibeba uongo wa mwingine, na yeye ndiye aliulipa. Kwa hiyo kijana, ushike hii: usiahidi kitu chenye hakijaandikwa, na kama wanakulazimisha, jibu « nipatieni karatasi, nitaisoma mbele yao ».

Wenzangu wamoja wa sendika wananilaumu: kwa nini kusaidia vijana kuwa midomo ya patron? Najibu kama ule mudomo utakuwapo, tupende tusipende. Siku ya ajali mu mine, nani ataenda kugonga ku mulango wa mujane? Mimi napenda awe mutu mwenye anajua jina la watoto wake, mwenye hataficha saa ya ajali, mwenye atamuonyesha njia ya haki zake. Na tena, mwenye alikomalia kwetu anaweza kusikia pande zote mbili.

Sisemi wa mbali afukuzwe. Mutu wa Kinshasa ao wa Lubumbashi mwenye anajua kazi, aje, atufundishe. Lakini kampuni zitangaze fasi zake wazi: ku ONEM, ku redio, ku ubao wa eneo, na siyo mu simu za wakubwa tu. Zilipe staji, kwa sababu mutoto wa mutumikaji hawezi kula diploma miezi sita. Zitie luga za wenyeji kati ya mambo ya kuomba, pamoja na Kifaransa na Kiingereza.

Na sisi wazazi na wadelege, tuache kusema « sina mutu ». Kila mumoja wetu anaenda mu mikutano. Juma hii, chukua kijana mumoja, umukalishe karibu, umupatie kalamu, aandike. Tukimaliza, asome mbele ya wote kitu kiliahidiwa na nani aliahidi.